Kisiwa na Shehena

Kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Hivyo ndivyo mtoto afundishwavyo katika somo la jiografia, na maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Kwa mtu aliyezaliwa kisiwani, kisiwa ni nchi ambayo kila kitu kisichoota wala kutengenezwa ndani yake hakina budi kuvuka maji ili kimfikie. Mchele uliomo chunguni mwake, nguo iliyo mwilini mwake, msumari ulioshika mlango wake na karatasi anayoandikia barua, vyote vilikuwa shehena kabla ya kuwa mali yake. Mtu wa bara akipungukiwa na unga hutazama njia. Mtu wa kisiwani hutazama bahari.

Watu wengi wakisimulia historia ya visiwa vya pwani yetu hutaja masultani, ngome na vita. Mambo hayo ni makubwa, na yanastahili kutajwa. Lakini sultani naye alikula mchele, ngome nayo ililishwa, na vita vingi vilipiganwa kwa ajili ya mali iliyopita bandarini. Tukitaka kujua jinsi watu wa Mvita, Lamu, Pate, Unguja, Pemba na Kilwa walivyoishi, hatuna budi kushuka ngamani mwa chombo na kuangalia kilichopakiwa humo, kimetoka wapi, kimepakiwa na nani, na kwa faida ya nani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni upepo. Katika Bahari ya Hindi pepo mbili kubwa hupokezana zamu kwa mwaka. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu mwezi wa Desemba au karibu na hapo hata mwezi wa Machi. Upepo wa kusi huvuma kutoka upande wa kusini, tangu Aprili hata Septemba. Kati ya zamu hizo huwapo majira ya tanga mbili, wakati upepo usipokuwa na shauri moja. Vyombo vya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi vilikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Katika kiini cha kusi, miezi ya Juni na Julai, bahari huchafuka sana, na nahodha mwenye busara alikipandisha chombo chake pwani akakikalafati na kukipaka shahamu na chokaa.

Mwendo huo wa pepo haukuwa habari ya mabaharia peke yao. Ulitawala hata maisha ya nchi kavu. Mfanyabiashara aliyechelewa kumaliza shughuli zake hata upepo ukageuka hakuweza kupanda chombo cha kesho, kwa kuwa kesho yake ilikuwa miezi kadhaa mbele. Alihitaji nyumba ya kulala, chakula cha kila siku, ghala la kuwekea mali yake, na mwenyeji wa kumdhamini. Kwa hiyo mji wa kisiwani ulijifunza kumpokea mgeni, kumkopesha na kumwamini. Wengine walioa na kuzaa. Maneno nayo yalishuka pamoja na mizigo: nahodha na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi, shehena na forodha yana asili ya Kiarabu, na gati lilitoka Bara Hindi. Lugha ya Kiswahili ilizaliwa Afrika na mifupa yake ni ya Kibantu, lakini mavazi yake kadha wa kadha yalifungwa katika marobota yaliyoshushwa bandarini.

Jambo la pili ni chombo chenyewe. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika visiwa vya Lamu kiliundwa chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ufundi huo ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 B.K., kiitwacho Periplus, kilikwisha taja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na kisiwa kilichoitwa Menouthias, ambacho wataalamu wengine hudhani ni Pemba au Unguja. Mitepe iliendelea kusafiri hata mwanzo wa karne ya 20, ndipo ikatoweka na nafasi yake ikashikwa na majahazi ya misumari.

Kupakia chombo ni elimu, wala si kurundika. Kizito huwekwa chini na chepesi juu, na uzito hugawanywa sawa mbele na nyuma, kushoto na kulia, ili chombo kisiende mrama. Mchele ukiingiwa na maji huvimba, na ukivimba waweza kuachanisha mbao za jahazi kwa nguvu yake. Chokaa isiyozimwa ikilowa hutoa joto kali, na joto hilo laweza kuanzisha moto katikati ya bahari. Hata chombo kitupu kina hatari yake, kwani hukaa juu ya maji kama ganda la nazi, na pigo moja la upepo huweza kukipindua. Kwa sababu hiyo chombo kisicho na mzigo wa kutosha hutiwa farumi, yaani mawe, mchanga au kitu kingine kizito, ili kitulie.

Farumi nayo yatufundisha historia. Katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua mabaki ya mji uliokuwapo katika karne ya 9. Humo yalionekana matofali ya kuchomwa, ilhali wenyeji wa pwani hii walijenga kwa mawe ya matumbawe na kwa udongo. Wataalamu walidhani matofali hayo yaliletwa kutoka upande wa Ghuba ya Uajemi, na yamkini yalikuja kama farumi. Ikiwa ni hivyo, kitu kilichochukuliwa ili chombo kisipinduke kiligeuka kuwa ukuta wa nyumba. Katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbuzi walikuta msikiti mdogo uliojengwa katika karne ya 8, na vyungu vya ng'ambo miongoni mwa vyungu vya wenyeji. Kwa hiyo, zaidi ya miaka elfu iliyopita shehena zilikuwa zikishuka katika visiwa hivyo.

Sasa na tuitazame Mvita. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alipita katika pwani yetu akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja Mombasa, na habari aliyoiandika ni fupi lakini ina thamani kubwa. Alisema kuwa watu wa kisiwa hicho hula ndizi na samaki, ni wacha Mungu na waaminifu, na hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka bara. Mji wenye misikiti na wanazuoni ulikuwa ukingoja chakula chake kwa mashua! Hii si aibu. Mji mwingine wowote uliokua mpaka ukaacha kujilisha wenyewe umefanya hivyo hivyo. Lakini yatupasa kufahamu kuwa heshima ya mji huo ilitegemea mkulima wa ng'ambo ya mkono wa bahari na mvushaji wa mashua, watu ambao majina yao hayakuandikwa na msafiri yeyote. Baadaye kisiwa cha Pemba, chenye rutuba na mvua, kilikuwa kikipeleka mchele Mombasa. Kisiwa kilikilisha kisiwa.

Neema iliyo katika kuletewa ina hatari iliyo katika kukosa kuletewa, na hatari hiyo haikuonekana wazi mahali popote kama katika Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 katika mlango wa bandari ya Mvita. Kuta zake ni nene, na mizinga yake ilitazama baharini. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Waarabu wa Omani yaliizingira. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na wenyeji wa pwani waliokuwa upande wao, wanaume, wanawake na watoto. Kuta zilistahimili risasi, lakini haziliwi. Tangu siku ile uhai wa ngome ulikuwa katika merikebu zitakazotoka Goa na kuvuka bahari kwa upepo wa majira yake. Shauri likikatwa Goa baada ya upepo kupita, msaada haukuweza kufika mpaka zamu nyingine.

Mwaka 1697 ilifika manowari iliyoitwa Santo António de Tanná, iliyokuwa imeundwa Bassein katika Bara Hindi. Ilileta watu na mahitaji, lakini katika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ilizama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Njaa na maradhi yaliua watu wengi kuliko silaha. Mwezi wa Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, Waomani waliingia ngomeni wakakuta waliobaki ni wachache mno. Karibu miaka mia tatu baadaye, kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi na wataalamu waliichunguza merikebu hiyo chini ya maji, na vitu vingi vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho yaliyomo ndani ya ngome. Mwanafunzi aendaye kuvitazama hukumbuka kwamba shehena ikizama hatua chache kutoka gatini huwa haina faida kuliko ile isiyopakiwa kamwe.

Katika karne ya 19 Unguja ilipata kuwa bandari kuu ya pwani. Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake kisiwani humo, na mikarafuu ikaenezwa Unguja na Pemba. Karafuu zilileta fedha, lakini zilileta badiliko jingine ambalo si rahisi kuonekana mara moja. Ardhi na mikono iliyolima chakula ilielekezwa kwenye karafuu, na visiwa vilivyokuwa vikiuza mchele vikaanza kununua mchele wa ng'ambo. Kila shehena ya karafuu iliyotoka ilifungua pengo la shehena ya chakula kuingia. Visiwa vikawa vimefungwa kwa kamba mbili za bahari badala ya moja. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kali iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo vingi bandarini, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Na miaka sabini baadaye, mwaka 1942, Japani ilipoiteka Burma, nchi iliyouza mchele mwingi ulimwenguni, uhaba wake ulisikika hata katika vyungu vya Unguja. Vita vilivyopiganwa mbali kabisa vilimnyima mtu chakula chake cha jioni.

Mali iliyoingia Unguja ilipita forodhani. Katika mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa zinazoshushwa uliwekwa kuwa sehemu 5 katika kila 100. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa mfanyabiashara aliyemlipa Seyyid fedha maalumu kwa mwaka, kisha yeye akakusanya ushuru. Na kwa miaka mingi mkodishwaji huyo alikuwa Jairam Shivji, mwenye asili ya Kachchh katika Bara Hindi. Wamarekani wa mji wa Salem walileta nguo ya pamba isiyopauliwa, na nguo hiyo ilipendwa sana hata ikapewa jina la nchi iliyotoka, ikaitwa marekani. Wakachukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Hivyo kisiwa kidogo kilisimama kama mizani kati ya bara la Afrika na masoko ya mbali, na kila upande uliacha kitu katika sahani yake.

Lakini si kila kilichowekwa katika mizani hiyo kilikuwa mali. Tusiposema neno hili, yote tuliyosema yatakuwa nusu ya kweli. Watu nao walipakiwa. Walitekwa au kununuliwa katika nchi za ndani, wakatembezwa mpaka Kilwa Kivinje na bandari nyingine, wakabanwa majahazini na kuvushwa hadi Unguja. Wengine walibakizwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na wengine wakapelekwa mbali zaidi. Karafuu iliyonukia katika nyumba za ng'ambo ilichumwa na mikono isiyolipwa. Mikataba ya 1822 na 1845 ilijaribu kupunguza biashara hiyo bila ya kuikomesha. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwavusha baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1897 katika Unguja na Pemba, na mpaka 1907 katika pwani ya Kenya.

Iko sheria ya kale ya bahari ambayo huhusishwa na kisiwa cha Rhodes, nayo ilihifadhiwa katika vitabu vya sheria za Warumi. Sheria hiyo yasema kwamba tufani ikikishika chombo, na mali ya mtu mmoja ikatoswa ili chombo kipungue uzito na kuokoka, basi hasara ile isimwangukie mwenye mali peke yake, bali wote waliookoka washirikiane kumlipa. Ni sheria njema, na msingi wake hufuatwa hata leo katika biashara ya meli. Lakini mtu akihesabiwa kuwa mali, sheria njema hugeuka kuwa ovu. Mwaka 1781 meli ya Kiingereza iitwayo Zong ilikuwa ikielekea kisiwa cha Jamaica ikiwa imesheheni watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mabaharia waliwatosa Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai kwa kisingizio cha upungufu wa maji ya kunywa, na wenye meli wakadai fedha za bima kana kwamba wametosa magunia. Mwaka 1783 shauri hilo lilifika mahakamani London kama shauri la madai ya bima, wala hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua. Neno shehena ni neno zuri linapokuwa jina la mchele na nguo. Likiwa jina la mtu, hakuna dhambi isiyoweza kufichwa nyuma yake.

Mabadiliko makubwa ya safari yalikuja na moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na tangu 1872 merikebu za moshi za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja zikichukua posta kwa mkataba. Kwa Kiingereza vyombo vya posta vilitajwa kwa jina ambalo masikioni mwetu lilisikika kama meli, na ndilo jina tulilobaki nalo. Meli haikungoja kaskazi wala kusi. Ilitangaza tarehe, na aghalabu ikafika tarehe hiyo. Lakini ilitaka kina kirefu cha maji, makaa ya mawe na mizigo mingi, na bandari isiyoweza kutoa vitu hivyo iliachwa kando.

Hapo ndipo bahati ya visiwa ilipotengana. Mwaka 1896 kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Vyuma, injini na saruji vilishushwa Kilindini, mahali ambapo jina lake lenyewe latangaza kilindi cha maji. Mwanzoni meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji na mizigo ikashushwa kwa matishari. Mwaka 1926 ndipo magati ya maji marefu yalipokuwa tayari, meli zikaweza kufunga ukutani. Kwa kuwa daraja la Makupa lilikiunganisha kisiwa na bara, Mvita iliyokuwa ikiletewa nafaka kwa mashua sasa ilipokea mali kwa meli na kuilisha bara kwa gari la moshi. Lamu na Pate hazikupata reli wala gati la namna hiyo. Zilibaki na majahazi yao, ufundi wao, na biashara ya boriti.

Boriti za mikoko zilikuwa shehena ya heshima. Nchi za Ghuba hazikuwa na miti ya kujengea, na boriti zetu, ngumu na zisizoliwa upesi na mchwa, zilitegemeza dari za nyumba huko kwa karne nyingi. Kwetu na kwao, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na kwa hiyo vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Majahazi makubwa yaitwayo mabumu yalileta tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, yakarudi na boriti. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika bumu moja la Kuwait mwaka 1938 hadi 1939, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walitumbukia matopeni kupakia boriti kwa mikono, kisha wakarudi hadi Kuwait. Akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Baada ya vita mafuta ya petroli yaliitajirisha Ghuba, nyumba zikajengwa kwa chuma na saruji, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje ili kuiokoa mikoko. Zamu ya mabumu ikaisha.

Huku nyuma jambo jipya lilikwisha zaliwa ng'ambo. Mwezi wa Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka karibu na New York kwenda Houston ikiwa na makasha makubwa 58 ya chuma, mawazo ya Mmarekani Malcom McLean. Faida ya kasha hilo, tuliitalo kontena, ni kwamba mzigo hupakiwa mara moja ndani yake, na kutoka hapo huhamishwa kasha zima, kutoka gari hadi meli na kutoka meli hadi gari, bila ya kugusa kilichomo. Kazi iliyochukua mamia ya wachukuzi siku nyingi ikawa kazi ya winchi kwa saa chache. Bidhaa zilishuka gharama, wizi ulipungua, na wachukuzi wengi walikosa kazi. Mwezi wa Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa upande wa bara, katika maji marefu ya Ghuba ya Manda, kwa ajili ya meli kubwa za makontena. Lakini mtu wa mji wa Lamu, aliye ng'ambo ya maji hayo, bado huletewa saruji na unga kwa jahazi na mashua kutoka Mokowe, na kutoka gatini mzigo hupanda mgongo wa punda na kuingia vichochoroni. Kontena halipiti katika njia ambayo watu wawili hupishana kwa shida.

Hatari ya bahari nayo haikuondoka pamoja na matanga. Ilibadilisha sababu tu. Zamani chombo kilizama mara nyingi kwa tufani. Siku hizi aghalabu huzama kwa tamaa. Katika karne ya 19 Mwingereza Samuel Plimsoll, mbunge, alipigana na wenye meli waliopakia kupita kiasi meli mbovu zilizokatiwa bima kubwa, wakijua kwamba zikizama watapata fedha na mabaharia watapata kaburi. Mwaka 1876 ilipitishwa sheria ya kuchora ubavuni mwa meli mstari wa kuonyesha mwisho wa kupakia. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli kuuchora mahali alipopenda, na ilingojwa mpaka 1890 ndipo serikali ikaamuru mwenyewe asijichagulie. Mstari uchorwao na mwenye tamaa hupanda kila tamaa inapopanda.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na kibali cha kuchukua abiria wapatao 600, lakini ilichukua watu wengi kupita hesabu hiyo, pamoja na shehena nzito. Walikuwamo watu waliorudi makwao baada ya sikukuu ya Idi, na watoto waliorudi shuleni. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, na tume iliyochunguza ilihesabu wafu na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Haikuwa tufani, wala mwamba, wala vita. Ilikuwa hesabu iliyoharibiwa kwa makusudi gatini. Kila mtu aliyeona magunia yakizidi akanyamaza, na kila aliyepokea nauli baada ya nafasi kwisha, aliongeza kidole chake katika kuisukuma meli ile chini.

Vijana wasomaji, katika habari hizi zote, tangu mitepe hata makontena, naona mafundisho matatu. La kwanza ni kwamba hakuna nchi ijitoshelezayo, na kisiwa huonyesha tu kwa uwazi jambo ambalo bara hulificha. La pili ni kwamba shehena hutegemea uaminifu zaidi kuliko nguvu. Mwenye mali hasafiri nayo. Huikabidhi kwa nahodha, nahodha kwa serahangi, serahangi kwa mchukuzi, na mnyororo huo wote hukatika mahali panapokosa ukweli. La tatu ni kwamba kila chombo kina mstari wake. Uko mstari wa uzito, ambao ukipita chombo huzama. Uko pia mstari wa utu, ambao ukipita chombo huweza kufika salama bandarini, kikapakuliwa, kikahesabiwa faida, na hata hivyo kikawa kimezama.

Wengi wenu mtakuwa makarani wa forodha, wahandisi wa bandari, mabaharia, wakaguzi wa meli na wafanyabiashara. Siku moja mtu atawaletea karatasi na kuwaomba mtie sahihi kwamba chombo kimepakiwa kwa kiasi chake. Kabla ya kuchukua kalamu, tokeni nje mkautazame ubavu wa chombo, mwone mstari uko wapi na maji yako wapi. Ng'ambo ya pili kuna mtu amekaa kisiwani akitazama bahari.